Kura ya Tano

Baba yangu, Walter Okinyi, alizikwa nyumbani Pap Onditi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu. Ninaandika haya wiki sita baadaye kwa sababu watu wameshaanza kuisimulia siku ile vingine. Shangazi zangu wanasema nilizimia. Sikuzimia. Nilisimama kwa miguu yangu, kipaza sauti mkononi, na nilisikia kila neno.

Kwa miaka thelathini na moja baba alikuwa maka wa klabu moja ya tenisi mjini Kisumu. Maka ni yule anayeajiriwa kuwapigia wanachama mipira, kuwafundisha watoto wao, na kucheza na mtu aliyefika akakosa mwenzake. Mimi alinishikisha raketi nikiwa na miaka sita. Nilipofika ishirini, tulikuwa wasichana wawili Kisumu ambao wengine hawakutuweza: mimi na Nangila, binti wa watu wa Bungoma aliyekulia mtaa wa Manyatta. Yeye pia alifundishwa na baba. Wiki hii alinifunga, wiki ijayo nilimfunga. Tulikuwa tukinywa maji ya chupa moja.

Miaka miwili iliyopita klabu ilipewa mashindano ya kimataifa ya wanawake. Wachezaji wanaotafuta pointi za dunia wangekuja kucheza hapa kwetu, kando ya ziwa. Nafasi zilikuwa thelathini na mbili. Nyingi huenda kwa wale ambao majina yao yako juu kwenye orodha ya dunia. Chache hugombewa katika mchujo, na mchujo huo nao ulikuwa umejaa watu wenye pointi. Zinabaki nne ambazo mwandaaji humpa amtakaye. Hizo ndizo waildikadi. Baba aliziita kadi za mwaliko.

"Hata kule Wimbledon ni hivyo," alinieleza jioni moja tukikunja neti. "Wanaingia watu mia moja ishirini na nane, na nane hivi kati yao ni wa kadi. Wanaweza kumpa bingwa wa zamani aliyeumia goti, jina lake likashuka. Wanaweza kumpa mtoto wa nyumbani, wenyeji wapate mtu wa kumpigia makofi. Wengine wanabadilishana, nchi na nchi. Mpe wangu kwako, nitampa wako kwangu."

"Kwa hivyo ni kujuana tu."

"Mwaka mmoja mtu wa kadi alichukua kombe lenyewe. Huyo alijuana na nani?"

Kati ya kadi zetu nne, ya kwanza ilipewa bingwa wa zamani kutoka Nairobi aliyekuwa amerudi baada ya kujifungua. Ya pili ilichukuliwa na shirikisho. Ya tatu ilibadilishwa na nchi jirani. Ya nne iliachiwa Kisumu, na kamati ya watu watano ingekaa kuamua. Baba alikuwa mmoja wao, akiwakilisha makocha. Kila mtu klabuni alijua kadi hiyo ni yangu au ya Nangila. Mimi sikuwa na pointi hata moja. Ningeshinda mechi moja tu, jina langu lingeingia kwenye orodha ya dunia, na kuanzia hapo ningeweza kuomba nafasi mahali pengine kama mchezaji, si kama mtoto wa maka.

Kamati ilikaa siku ya Alhamisi. Baba alirudi, akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Wamempa Nangila," akasema.

"Nani amempa?"

"Kamati."

"Na wewe ulisema nini?"

"Kura ni siri, nyathina, mtoto wangu. Kula. Samaki inapoa."

Sikula. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Waswa, naye kwao ni Bungoma. Nikajumlisha mwenyewe. Nilisema mezani kwamba wamepeana kadi kwa kuwa lugha yao ni moja. Nilisema tena kanisani, nilisema kwenye simu, nilimwambia kila aliyeniuliza. Baba alisikia yote. Hakunikataza wala hakuniunga mkono. Siku ya tatu nikasukuma raketi zangu chini ya kitanda na kumwambia nimemaliza na tenisi.

"Ngoja kidogo," alisema.

"Ningoje nini?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta neno, halafu akatoka nje.

Nangila alicheza, akafungwa mechi ya kwanza, sita kwa mbili, sita kwa tatu. Sikwenda kutazama. Alinitumia ujumbe mara nyingi, mwishowe nikaifunga namba yake isinifikie. Nikahamia Maseno, nikapata kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala, nikawachapia wanafunzi kazi zao za chuo. Nyumbani nilikuja mara moja kwa mwezi. Kila nikija, baba aliniuliza kitu kimoja.

"Bega liko sawa?"

"Liko sawa."

"Basi."

Mwezi wa pili mwaka huu alianguka katika stoo ya klabu akifunga nyuzi za raketi ya mtu. Daktari alisema ni presha. Alikuwa na miaka hamsini na nane.

Ratiba ya mazishi niliichapa mimi mwenyewe pale Maseno, nikatoa nakala mia mbili. Baada ya majirani na walimu niliweka klabu. Baada ya klabu niliandika: Mtoto wa marehemu, Lorine Ajwang. Nilijipanga makusudi kumfuata Mzee Waswa. Katika karatasi yangu kulikuwa na sentensi niliyoifanyia kazi siku nne: "Baba alinipigania maisha yake yote, hata pale ambapo wengine, ambao wako hapa leo, waliniuza." Nilitaka aisikie akiwa ameketi mbele ya watu, mahali ambapo hawezi kujibu.

Siku ilikuwa na jua kali. Hema zilijaa hadi watu wakasimama chini ya ukuta wa jikoni. Binamu yangu Calvince ndiye aliyeshika kipaza sauti kuendesha mambo, na kazi hiyo anaijua.

"Watu wa klabu," akaita. "Ninyi mmezoea kuhesabu kumi na tano, thelathini, arobaini. Hapa tunahesabu dakika tano. Zikiisha nakata stima."

"Bwana Calvince," Mzee Waswa akajibu akiinuka, "mchezaji hakatiwi stima katikati ya mechi."

Watu wakacheka. Walisimama kama kumi na wawili, wote na mashati meupe, Nangila akiwa nyuma kabisa. Alikuwa amekonda. Sikumtazama tena.

Mzee Waswa alizungumza juu ya kazi ya baba, jinsi alivyofika kabla ya mlinzi kubadilishana zamu, jinsi alivyomkatalia mwanachama mmoja mkubwa aliyekuja kucheza amelewa. Kisha akageukia jeneza.

"Nataka niwaambie jambo ambalo hata hii familia pengine haijui. Viongozi wetu wa siku hizi wakipata nafasi moja mkononi, wanampa nani?"

"Mtoto wao," watu wakaitikia.

"Wanampa mtoto wao. Sasa sikieni ya Walter. Tulikuwa na kadi moja, ya mashindano makubwa, na wasichana wawili. Mmoja ni binti yake wa kumzaa, ameketi pale. Tulikuwa watano. Mimi mwenyewe nilimpigia Lorine. Nilisema huyu baba ametumikia klabu miaka yote hii, mtoto apewe. Mwingine akakubaliana na mimi. Wawili wakasema Nangila. Ikabaki kura ya Walter."

Nilihisi mkono wa mama ukinishika goti. Hakugeuka kunitazama.

"Nikamwambia, Walter, jambo hili ni gumu kwako, toka nje kidogo, tutaamua bila wewe na hakuna atakayekulaumu. Mnajua alinijibu nini? Alisema, nikitoka nje mtampa mtoto wangu. Akabaki ndani. Akainua mkono, akampigia Nangila. Ndugu zangu, mahali pengine nchi hii mtampata wapi mtu kama huyo?"

Makofi yakapigwa. Bibi mmoja akapiga kigelegele. Nakumbuka nilimtazama Nangila, naye alikuwa anamtazama Mzee Waswa, mdomo wazi, mkono kifuani. Naye hakujua.

Mzee niliyemchukia miaka miwili ndiye aliyenipigia kura. Baba alikaa nami meza moja, akanisogezea chumvi, akanisikia nikimtukana mwenzake, na mkono ulioninyima ndio ule ulioshika chumvi.

"Asante Mwenyekiti," Calvince akasema. "Sasa tumwite mtoto wa marehemu. Lorine, njoo, dada. Polepole. Jikaze."

Nikaenda. Karatasi nilikuwa nayo, na maneno niliyaona vizuri, lakini sikuwa na mtu wa kumsomea. Watu wakangoja. Calvince akanong'ona, "Sema hata kidogo tu."

"Mzee Waswa," nikasema kwenye kipaza sauti. "Nina swali."

Katika mazishi yetu watu huongea, hawaulizani maswali. Ami yangu alianza kuinuka kunizuia, mama akainua kiganja, naye akakaa.

"Alitoa sababu?" nikauliza. "Alisema ni kwa nini?"

Mzee Waswa alisimama alipokuwa, bila kipaza sauti. Nadhani ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya. "Binti yangu, haya tuyaongee baadaye, tukiwa wawili."

"Umeyaanza hapa, Mzee. Tafadhali yamalize hapa."

Akavua miwani. "Alisema unapoanzisha mpira, servisi yako ya pili ni ya uoga. Alisema ukikosa ya kwanza unaisukuma ya pili tu ivuke neti, na hawa wageni watakuwa wakiingoja kama watu wanaongoja chakula. Alisema Lorine atafungwa sita sifuri, sita sifuri, mbele ya mama yake, na hatashika raketi tena maishani. Nangila atafungwa, lakini hatavunjika." Akaifuta miwani kwa shati. "Halafu akasema, nipeni mwaka mmoja. Nitairekebisha hiyo servisi. Mwaka ujao nitamleta mwenyewe, na sitaomba kura ya mtu."

Mashindano yalirudi mwaka uliofuata, na kadi ya Kisumu ilikuwepo. Mimi nilikuwa Maseno nikitoa nakala.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilisema, "Huo mwaka sikumpa." Nafikiri kipaza sauti kilishika neno la kwanza na la mwisho tu. Nikakirudisha kwa Calvince, nikatembea hadi kitini, nikakaa. Calvince akaanzisha wimbo. Hapo ndipo shangazi zangu wanaposema nilizimia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye mapaja ya mama, macho yangu yakiwa wazi, nikitazama mchanga na visigino vya watu.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta mama, Anyango, nyuma ya nyumba akisugua sufuria tulizoazima kanisani. Nikachukua jivu, nikamsaidia.

"Ulijua?" nikauliza.

"Nilijua siku ile ile. Aliniambia kabla hajakuambia wewe."

"Na ukaniacha nimtukane Mzee Waswa miaka miwili."

"Mzee Waswa haishi kwetu." Akageuza sufuria. "Baba yako alisema, acha amchukie mtu wa mbali, akipoa atarudi uwanjani. Akinichukia mimi, nani atamfundisha?"

"Kwa nini hakuniambia ukweli?"

"Akuambie nini? Kwamba wewe ni mwoga? Siku ile, na ile hasira yako, ungesikia nini hapo?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Alikuwa anangoja upoe, nyathina. Kila mwezi ukija alikuwa anasema, bado. Ukienda, anasema, pengine mwezi ujao."

Siku ya Jumanne nilifungua namba ya Nangila, nikampigia. Tulikuwa na aibu sote wawili. Alisema angejua asingeichukua, nikamwambia asiongope, akacheka kidogo. Kisha akaniambia siku ya mechi yake baba alikaa karibu na neti tangu mwanzo hadi mwisho, na kwenye kiti cha kando yake aliweka kofia. Watu walipotaka kukaa alisema kuna mtu anakuja.

Klabuni sasa wanaisimulia hadithi ya baba kwa wanachama wapya, mtu aliyemnyima mwanawe kadi kwa sababu ya haki. Mzee Waswa alinipigia simu kuomba msamaha. Nilimwambia hana kosa, naye ndiye aliyenipigia kura. Alisema, "Nilikupigia kwa huruma, binti yangu," halafu akaaga haraka, nadhani kwa sababu alisikia alichokisema.

Ninapoandika hapa najaribu kumkasirikia baba na sifiki mbali. Ninachokutana nacho kila mara ni kwamba alikuwa sawa. Nikikosa servisi ya kwanza mkono ulikuwa mzito, nikawa naisukuma ya pili tu ivuke. Ilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimeificha kwa mbinu nyingi, na miaka yote hiyo nilidhani hajaiona.