Kamba za Viatu vya Padri Wathome

Nilichoona kwanza ni kamba za viatu. Padri Wathome alikuwa amezitoa na kuziweka dirishani, kwa sababu miguu yake ilivimba hadi viatu havikufungika tena.

Alikuwa amestaafu. Aliletwa kwetu Mwala mwaka 1998 ili apumzike, nami nilikuwa mpishi katika nyumba ya mapadri. Paroko, Padri Musembi, alikuwa peke yake na vigango kumi na vinne, makanisa madogo ya vijijini. Kila alikoshindwa kufika, watu walimjia mzee. Mwishowe paroko alinifuata jikoni.

"Mbinya, mtu akija kumwita mzee, mwambie hawezi. Akiulizwa mwenyewe atakubali."

Niliitikia kwa kichwa. Niliacha shule darasa la tano, na mbele ya watu maneno hunikwama.

Jumamosi mchana akaja Urbanus, katekista wa kigango cha mbali, akisukuma baiskeli.

"Mbinya, leo pia umemeza ulimi? Mzee ako?"

Nilitazama matairi. "Ako."

"Kesho kuna watoto ishirini wa ubatizo, na wazee wanne wanafunga ndoa. Mbuzi ameshachinjwa."

Mzee alisikia akiwa barazani. "Mbuzi akishachinjwa, padri ana la kusema? Nitakuja, Urbanus. Nikimaliza zile Misa mbili za karibu."

Urbanus alicheka, akaenda zake akiwa na furaha.

Padri Wathome alifuata desturi ya zamani: hakula chochote tangu usiku wa manane hadi amalize Misa ya mwisho. Asubuhi nilimfungia viazi vitamu kwenye kitambaa, nikavitia ndani ya mkoba wake.

Walimrudisha saa tisa alasiri kwa pikapu, wanaume wawili wamemshika. Viazi vilikuwa bado vimefungwa, fundo langu halijaguswa. Jumanne akafia hospitalini.

Siku ya mazishi Urbanus alisimama mbele ya watu. "Huyu mzee tulimwita mara nyingi," alisema, "na hakukataa hata mara moja." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na masufuria, kamba za viatu zikiwa mfukoni mwa aproni.

Hawezi, Urbanus. Miguu imevimba. Rudi uwaambie wamle mbuzi wao, ubatizo utangoja.