Mwisho wa Kusindikiza

Mwanvua alimwomba msaidizi wake, Mzee Anselmi, ashuke kwenye mzani, apumue, kisha apande tena, safari hii akiwa amekumbatia mfuko wa sukari wa kilo ishirini na tano ambao haujafunguliwa. Akainama kusoma. Mshale ulitulia kwenye tisini na tatu. Bila sukari ulikuwa umesoma sitini na nane. Aliandika namba zote mbili kwenye daftari, akapiga mstari chini yake kwa rula.

"Mara ya nne hii, Mama Yusrah," alisema Anselmi, bado ameukumbatia mfuko kama mtoto mwenye homa. "Mzani hauna neno. Labda abiria wetu wananenepa wakifika huko juu."

Mwanvua alicheka kidogo, akaketi kwenye ngazi ya ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha bati pembeni ya uwanja wa nyasi, hapo Kimamba, ambapo zamani ilitua ndege ya shamba la mkonge. Shirika la Mbayuwayu lilikuwa na ndege mbili ndogo za viti kumi na viwili. Moja ilipita kwake kila Jumanne na Ijumaa: ilitoka Dar es Salaam, ikashusha watalii Mikumi, ikafika Kimamba, kisha ikavuka milima kwenda Njombe. Yeye ndiye aliyepokea abiria, akawapima wao na mizigo yao, akaandika. Hakuisomea kazi hiyo chuoni. Alikisoma kitabu cha maelekezo mara tatu, kamusi ikiwa magotini.

Sasa kwa wiki tatu hesabu ya kilo ilikuwa hailingani. Njombe walipopima upya walikuta uzito umezidi ule alioandika yeye, mara kilo thelathini, mara arobaini. Kwa lori hicho si kitu. Kwa ndege ndogo inayopanda juu ya milima ya Rubeho na kutua kwenye uwanja wa mlimani, wenye hewa nyepesi, ni jambo la roho za watu. Ijumaa iliyopita Kapteni Herman, rubani, alimwambia bila kupandisha sauti kwamba ofisi imeshaamua: Jumanne uzito usipolingana, ndege haitatua tena Kimamba. Itatoka Mikumi na kupita juu kwa juu.

Mwanvua hakulala vizuri tangu siku hiyo, wala si kwa ajili ya kazi yake peke yake. Nusu ya mji ule ni wajukuu wa manamba, vibarua walioletwa kutoka Njombe na Songea kuja kukata mkonge. Kwa mabasi ya kuunganisha, safari ya kwao inakula siku nzima na kipande, na wazee walikuwa wameshaikatia tamaa. Ndege iliwafikisha kwa saa moja na robo.

Mwenzake mmoja wa Dar alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba watu wa Kimamba ni wajanja, wanaficha mizigo. Mwanvua hakutaka kuanza na watu. Aliona afadhali aanze na mzani, kwa kuwa mzani hauoni uchungu ukishukiwa.

"Basi mzani ni mzima," alisema sasa, akifunga daftari. "Leo utapima wewe, Mzee. Mimi nitatembea."

"Kwenda wapi?"

"Kutoka hapa kwenye mzani mpaka mlango wa ndege. Kosa liko hapo katikati."

Saa tatu, Jumanne hiyo, walikuja abiria wanane na wasindikizaji wasiopungua arobaini. Wa mwisho alikuwa Bibi Selestina, mwenye umri wa miaka sabini na minane, aliyekuwa anakwenda kumwona mdogo wake baada ya miaka kumi na minne. Alizungukwa na watu kumi na mmoja, na mbele yao alikuwa mkwewe, Cosmas. Mwanvua alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba na kuulizwa habari za watoto, za mama yake, na za ile mvua iliyochukua daraja. Bibi alipanda mzani na kikapu kimoja. Anselmi alisoma kwa sauti, akaandika.

Ndege ilitua, ikageuka, ikazima mashine. Msafara wa Bibi ukaanza kuelekea mlangoni, na Mwanvua akawafuata hatua tatu nyuma, mikono mgongoni. Bibi alitembea mikono mitupu. Kikapu alikibeba mjukuu. Cosmas alikuwa na mfuko wa mchele begani, na mwanamke wa nyuma yake alibeba fungu la miwa ya Ruhembe. Walipofika kwenye ngazi wakasimama, wakashikana mikono, mmoja akaomba dua. Kisha, kimyakimya, mchele na miwa vikaanza kuingia ndani ya ndege.

Mwanvua aliwageukia abiria wengine. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyembebea, na kila mmoja alikuwa anakabidhiwa.

"Bibi," alisema taratibu, "pale kwenye mzani ulisema mzigo wako ni kikapu tu."

"Na ndiyo kweli."

"Na huu mchele?"

"Huo ulikuwa wa Cosmas," alijibu Bibi Selestina, akimwangalia kama anayemfundisha mtoto. "Mgeni anayeondoka habebi mzigo. Msindikizaji anambebea mpaka pale mnapoachana, ndipo anampa. Hapo sasa ndipo unakuwa wangu."

"Na mnaachana wapi?"

"Si hapa kwenye ndege? Au ulitaka niagwe kwenye mzani kama gunia?"

Watu walicheka, na Mwanvua akacheka nao. Hakuna aliyemdanganya. Waliulizwa mzigo wao, wakataja mzigo wao. Hata yeye, alipokwenda kumzika shangazi yake kule Malolo, hakushika hata pochi yake mpaka basi lilipofika.

Alimwomba Kapteni Herman dakika ishirini. Akachota majivu jikoni kwa mama wa chai, akarudi kwenye mzani, na upande wanakotokea watu, hatua kumi kabla ya kuufikia, akayamwaga kwa mstari mmoja mrefu juu ya nyasi. Kisha akawaita wote.

"Zamani watu waliachana njia panda," alisema. "Njia panda yetu ni hii. Ukishavuka majivu, umeshasafiri. Naomba muagane hapa, mkabidhiane hapa, kisha msafiri aje kwangu na kila kilicho chake."

Kulikuwa na mnong'ono. Cosmas alisema hajawahi kuona mtu akiagwa mara mbili siku moja. Bibi Selestina aliutazama ule mstari, akavua kiatu kilichokuwa kinambana, akakivaa tena.

"Mimi sioni ubaya," alisema. "Nikililiwa mara mbili, si nafaidi mimi?"

Wakaagana upya. Uzito ulizidi kiwango cha ndege kwa kilo thelathini na nne, na ikabidi kila mtu aache kitu kwa ndege ya Ijumaa, jina lake likiwa limeandikwa juu yake. Bibi alimrudishia Cosmas miwa yote na mfuko wa mchele, akafunga vikombe vitatu tu vya mchele kwenye ncha ya kanga.

"Nitamwambia mdogo wangu kwamba mchele mwingine uko njiani," alisema. "Atakuwa na cha kungojea."

Ndege iliinuka mapema, kabla hata ya kulikaribia pipa jeupe linaloonyesha mwisho wa njia. Mchana Kapteni Herman alipiga simu kutoka Njombe. Kilo zimelingana. Ofisi imekubali waendelee mpaka mwisho wa mwezi, ndipo waangalie tena.

"Lakini dada Mwanvua," aliongeza, "hayo majivu mvua ikinyesha itakuwaje?"

Kwa hiyo jioni walikuwa wanachimba, Mwanvua kwa jembe na Anselmi kwa mtaimbo. Walitaka nguzo nne, mbili za lango badala ya majivu na mbili za benchi, maana Bibi alilalamika kwamba ameagwa amesimama kama askari. Mbili zilikuwa zimesimama. Shimo la tatu liligonga kisiki cha mkonge wa zamani, na jua lilikuwa limeshagusa mlima.

"Hiki kinataka shoka," alisema Anselmi.

"Basi kesho uje na shoka, Mzee. Mimi nitakuja na misumari."

Alilifunika shimo kwa kipande cha bati ili mbuzi wasitumbukie, akaweka jiwe juu yake.