Picha Yenye Chenga

Maabara nzima inamwita kaka yangu Bado Kidogo, na jina limemkaa. Kazi yake ni kutengeneza vigunduzi vya infraredi, vijipande vya fuwele vinavyoona joto la mwili hata penye giza. Ndani ya chemba isiyo na hewa anaotesha tabaka juu ya tabaka, kila moja lenye unene wa atomi chache tu. Elektroni hunaswa humo kama ndani ya visima. Joto likizipiga zinaruka nje, na picha inajichora.

Mama alikuwa anapoteza macho, na daktari alishatuambia wazi kuwa hayatarudi. Ombi lake lilikuwa moja: aone kitu anachokitengeneza mwanawe kabla ya giza.

Siku ya kwanza tulimketisha mbele ya mtambo wenye kigunduzi chake. Niliiona picha yake kwenye skrini: mashavu meupe kwa joto, pua nyeusi kwa ubaridi, na chenga tele. Lakini alikuwa mama, hapana shaka.

"Mwonyeshe," nikasema.

Kaka akaizima skrini. "Hii? Atadhani nimemtoa kwenye gunia la unga! Nikiongeza matabaka, chenga zitaisha. Bado kidogo, mdogo wangu."

"Mwache mwenzio," mama akacheka. "Nitasubiri."

Kipande kilichofuata kilipasuka kilipopozwa kwenye nitrojeni ya kimiminika. Kilichofuata hicho kikaleta chenga zaidi. Nilimgombeza, nikamnunia, naye akashikilia kuwa mama hastahili kitu cha nusunusu. Alisema hivyo kwa mapenzi, ndiyo maana mpaka leo inaniuma.

Picha safi ilipopatikana, tulimshika mama mkono hadi kwenye kiti kilekile. Asubuhi alikuwa ametuambia bado anaona kidogo. Kaka akamgeuzia skrini.

"Mama, tazama!"

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Nzuri sana."

Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, si kwenye skrini.

Kaka akaanza kuigeuzia skrini dirishani. Mama aliisikia ikikwaruza meza, akatikisa kichwa taratibu.

"Ile yenye chenga ningeiona, baba."

Kwenye skrini mstari mweusi uliteremka shavuni mwake: chozi, tayari limepoa. Kaka akainama, akalifuta shavuni kwa kidole. Kwenye skrini alama ya joto la kidole chake ikabaki inang'aa juu ya uso wa mama, safi kabisa, kisha ikafifia.