Mtikiso Ulionasa Vifaranga

Mjukuu wangu Nyawira huandika programu za simu katika ofisi moja Ruiru. Jumatano alifika kwangu Makongeni uso umemkunjamana kama mtu aliyetafuna pilipili akidhani ni hoho.

"Cucu," akasema, ndivyo aniitavyo mimi bibi yake, "Ijumaa Kivuva anakuja."

"Kivuva ndiye mchumba?"

"Cucu! Ni mwenye vifaranga. Tumemwandikia programu ya kuagiza vifaranga. Wateja wanalia oda zinapotea, na sisi tukijaribu hazipotei. Tusipoiona hiyo kasoro kufikia Ijumaa, anaikataa kazi, na sote wanne tunaenda nyumbani."

Akaniwekea programu kwenye simu yangu, akakizuia kioo kisizime, maana mimi husoma polepole.

"Agiza kama mteja. Ukiona kitu kibaya, tingisha simu tu. Itapiga picha ya kioo itutumie ripoti yenyewe."

"Bila kuandika?"

"Bila kuandika."

Basi hicho ni chombo chetu sisi tulioishia darasa la nne.

Alhamisi asubuhi nikavaa miwani, nikajaza vifaranga ishirini. Kabla sijabonyeza pa kutuma, jirani yangu Rachael akaniita pale nje, "Wewe, tumechelewa!" Nikaitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni, mbio kanisani. Tulikuwa na mazoezi ya wimbo wa mavuno. Wimbo ule una mtikiso wa kiuno. Mke wa pasta alikuwa ameupunguza mara mbili. Mimi nikauongeza mara tatu.

Saa sita simu ikalia.

"Cucu, uko salama? Umetuma ripoti mia mbili na kumi na moja!"

Nyuma yake nikamsikia Tobias, mwenzake, akipiga kelele, "Shosho, kompyuta zinalia kama king'ora! Tulidhani tumevamiwa!"

"Mimi nilikuwa kanisani," nikasema.

"Ukifanya nini?"

"Nikimsifu Mungu."

"Kwa nini?"

"Kwa kiuno."

Walicheka hadi nikasikia kiti kikianguka. Halafu nikamsikia Tobias tena. "Ngojeni. Ripoti ya tisa, simu iko wima, vifaranga ishirini. Ya kumi, simu imelala ubavu, vifaranga hakuna!"

Wuui! Kumbe simu ikigeuka ubavu, oda inafutika. Wao huzishika wima kama mishumaa. Mfugaji huitupa ya kwake juu ya gunia la chakula cha kuku, ilale itakavyo.

Wakarekebisha siku ile ile. Ijumaa Nyawira akanipeleka Ruiru. Kivuva akaketi, tai imemkaba, akauliza, "Nitajuaje imepona?"

Nyawira akanitazama. Sikungoja kubembelezwa. Nikajaza ishirini, simu mfukoni, nikauanzisha wimbo. Tobias akapiga meza. Nikatikisa kulia, nikatikisa kushoto, nikashuka mpaka goti likalalamika. Kivuva alijitahidi kukunja uso, lakini kiatu chake kimoja kilikuwa kishaanza kugonga sakafu.

Nikaitoa simu, imelala ubavu. Vifaranga ishirini, wote wapo.

"Naichukua," Kivuva akasema, akilegeza tai. Nyawira akanikumbatia mpaka miwani ikapinda.

"Tobias," nikaita, "leo ni ripoti ngapi?"

"Mia moja themanini na nne, Shosho!"

"Niandikie kwa karatasi, upige na muhuri wa ofisi. Nampelekea mke wa pasta, aone alichotaka kupunguza."