Kiganja cha Papa Zénon

Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, hawaulizi gari lina umri gani wala limetembea kilomita ngapi. Wanauliza swali moja tu: Zénon amelipiga? Zénon ni mimi. Nikimaliza kazi nafunga boneti, nalipiga kwa kiganja mara mbili, na hapo mwenye gari anajua anaweza kupakia mke na watoto. Gari ambalo sijaridhika nalo silipigi, hata mwenyewe anililie. Nilianza desturi hiyo Uvira, kule Kongo, na hapa kambini nimekuwa nayo miaka kumi na minne. Nasema haya mapema ili ujue nilichafua kitu gani kwa hasira ya asubuhi moja.

Dieudonné, jirani yangu na kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa na gari la Kijerumani la mwaka 2009 ambalo alibebea maharage kutoka Mitundu. Injini yake ni ya zile ambazo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Zikiwa mpya ni tamu. Zikizeeka zina maringo: petroli haipiti kwenye valvu, kwa hiyo haizioshi, masizi yanaganda, na gari linakohoa kila likiona mlima. Nilimwambia Dieudonné alilete tufungue, tukwangue masizi, kazi ya siku tatu. Akaitikia vizuri sana, kisha akaenda kwa Divin.

Divin ana miaka ishirini na sita na laptopu moja. Aliishi Area 36, mtaa wa Lilongwe, mpaka aliporudi kambini, akaja na waya zake na maneno mengi. Kazi yake ni kuandika upya akili ya injini: anachomeka waya chini ya usukani, anabadilisha vipimo vya petroli na hewa, na gari lililokuwa linakokota miguu linaondoka kwa kishindo. Niseme ukweli, ingawa unaniwasha: kijana alikuwa anajua. Alikwangua valvu kwanza, siku tatu kamili, kama nilivyosema mimi. Kisha akaongeza nguvu kidogo tu, ile ambayo injini ya mzee inaweza kubeba. Nilitafuta kosa nisilione, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatatu Dieudonné akalileta kwangu, kwa sababu hakuna mtu ambaye angepanda bila kiganja changu. Divin alikuja naye, ameshika chupa ya maji ya rejeta ya rangi ya waridi.

"Papa Zénon, mi nilimaliza yote," akasema. "Inabakia maji ya radiateur. Ile ya zamani, ya rose pia, iko nusu. Utie hii ya rose tu, usichanganye na ya kijani, ndani itakuwa matope. Na moteur, injini yenyewe, sasa iko na joto kupita zamani, haitavumilia matope."

Aliyasema mbele ya wanawake wa kwaya waliokuwa wamefuatana na Dieudonné, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mimi! Nilikuwa natia maji kwenye rejeta za malori kabla mama yake hajamjua baba yake.

"Sikia muzuri, muzee," Dieudonné akaongeza huku anacheka. "Moteur za leo zinasoma. Si za kupigapiga mikono tu."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Asiyecheka alikuwa Marguerite peke yake, mjane kutoka Fizi anayeshona nguo ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yangu. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, na binti yake Gabriella pembeni akishona vifungo.

"Mumuache Papa," akasema. "Mi bila mukono yake sipandi gari."

Walipokwenda kunywa chai, niliisukuma chupa ya waridi chini ya benchi na kizibo chake hakijakatwa. Nikachukua dumu langu la maji ya kijani, yale ambayo nusu ya magari ya kambi yanatumia, nikajaza rejeta mpaka juu. Nilijua ninachofanya. Kijani juu ya waridi haionyeshi kitu siku ya kwanza. Inaganda polepole, wiki mbili, wiki tatu, mpaka maji hayapiti tena. Nilitaka gari lichemke kwenye barabara ya Mitundu, jua la saa saba, Dieudonné peke yake na magunia yake, halafu kambi nzima iseme laptopu ya Divin imeua injini. Nilitaka hilo tu.

Nikafunga boneti, nikalipiga mara mbili.

Wiki mbili zikapita, gari linakwenda Mitundu na kurudi. Kila jioni Dieudonné alipita mbele yangu akipiga honi, na kila jioni nilimtakia mabaya.

Wiki ya tatu tarehe ya Marguerite ikatoka. Alikuwa ameingoja miaka kumi na miwili: mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, Alhamisi, saa mbili asubuhi, Lilongwe. Wahojaji walitoka mbali na wangeondoka kesho yake. Asiyeitika jina lake faili lake linarudi chini ya mengine yote. Marguerite aliwashonea watoto wake watatu nguo za kitambaa kimoja, cha bluu chenye maua meupe.

Jumatano alivuka barabara, sindano bado zimechomekwa kwenye kola.

"Papa Zénon, Dieudonné anasema atatupeleka bule. Mi nilitaka minibus, lakini batoto watafika na mavumbi. Niambie weye. Gari yake iko muzuri?"

Neno moja lingetosha: pandeni minibus. Lakini angeuliza kwa nini. Nilitafuta uongo wa kumwokoa, nikaona kila uongo unaishia kwa mtu kufungua boneti na kuchungulia. Niliona aibu yangu vizuri kabisa. Miaka yake kumi na miwili niliiona pia, lakini kwa mbali.

"Si nililipiga mara mbili?" nikasema.

"Ulilipiga. Niliona na macho yangu." Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Aksanti, Papa."

Nikajiambia litafika. Ni kilomita arobaini na kitu tu, na asubuhi kuna baridi.

Lilichemka likiwa limebakiza kilomita kama kumi na tano kuingia mjini. Dieudonné hakuzima, alikanyaga mafuta akitaka awafikishe, mpaka gasketi ikakatika na moshi mweupe ukafunika kioo. Marguerite alisimama kando ya lami na wadogo wawili, akipungia kila kilichopita. Gabriella, ambaye ana miaka kumi na saba, alimsaidia Dieudonné kufungua rejeta ilipopoa. Yakatoka matope ya kahawia, mazito kama uji wa mtama, yakamrukia kwenye nguo mpya. Mwisho lori la tumbaku liliwachukua. Walifika saa nne kasoro robo, na mlinzi akasema orodha imefungwa. Marguerite akapiga magoti kwenye changarawe. Mlinzi akamwomba asogee pembeni, magari yanataka kupita.

Kambi ikafanya kama nilivyokuwa nimepanga. Vijana walimfuata Divin kisimani. Aliinua laptopu juu ya kichwa.

"Joto yote iko imeandikwa humu!" alipiga kelele. "Si mi nilichemusha moteur! Muulize maji! Muulize nani alitia maji!"

Hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza maji. Waliipokonya, wakaipigiza kwenye ukingo wa kisima mpaka vitufe vikatawanyika chini, kuku wakaja kuvidonoa wakidhani ni mahindi. Divin akanitazama kupitia katikati ya vichwa vyao.

"Papa, sema," akaniambia. "Weye unajua."

"Nilikuonya," nikasema. "Moteur ya muzee haichezewi."

Wakanishangilia. Nakiri kwamba nilifurahi. Tangu nifike Malawi sijapendwa kama jioni ile. Divin aliondoka wiki hiyohiyo na sijui aliko.

Baada ya mwezi Marguerite alivuka tena barabara, safari hii na Gabriella.

"Banasema ni miaka tena, hawajui ngapi," akaniambia. "Sasa tunabakia hapa, na mutoto lazima apate kazi. Umufundishe, Papa. Sina muntu mwingine wa kuamini."

Ningekataa kwa maneno gani? Kesho yake Gabriella akaja kabla yangu, akafagia karakana nzima, na chini ya benchi. Nilipofika alikuwa ameshika chupa ya waridi.

"Hii si ndiyo ile Divin alileta?"

"Uiweke pale," nikasema.

Hakuiweka. Aliigeuza mkononi, akaona kizibo hakijakatwa. Akatazama dumu la kijani lililokuwa ukutani. Akatazama nguo yake, ileile ya bluu yenye maua meupe, ambayo sasa ni nguo ya kazi kwa sababu doa la kahawia limekataa kutoka. Kisha akatazama mkono wangu wa kulia, kwa muda mrefu. Akaisimamisha chupa juu ya benchi, mbele kabisa, mahali ambapo kila mteja anaiona.

Ni mwezi wa tatu sasa na bado ipo pale. Sithubutu kuiondoa. Hajamwambia mama yake. Angekuwa amemwambia, ningejua. Anawahi kazini, anajifunza haraka, na haniiti Papa tena. Ninamwogopa mtoto huyu kuliko nilivyowahi kuogopa askari.

Kila ninapofunga boneti anakuja kusimama upande wa pili. Mteja anangoja na funguo mkononi. Ng'ambo ya barabara Marguerite anasimamisha cherehani, maana anapenda kusikia. Lazima nipige, kwa hiyo napiga.

"Moja," anasema Gabriella. "Mbili."