Saa Tatu za Bi Uhakika

Kwa maneno ya Bi Uhakika, jirani wa ukuta mmoja, mpwa wake alipanda ndege huko ng'ambo saa mbili asubuhi, na saa tano asubuhi hiyohiyo alikuwa hapa uwanjani anadai begi lake. "Saa tatu tu," alisema, vidole vitatu hewani. "Hata maharage hayajaiva. Nina uhakika."

Basi siku ya upasuaji, mwana wa kiume alipopiga simu kutoka ng'ambo hiyohiyo saa tatu asubuhi kusema anaingia kwenye ndege, mama yake alihesabu kitandani hospitalini, akafika saa sita. Hapo akamrudishia nesi fomu ya ridhaa bila alama ya kidole.

"Mguu wangu haukatwi kabla mwanangu hajaniona nimesimama nao. Saa sita atakuwa hapa."

Binti yake wa mwisho, mpiga pasi kwa dobi, ndiye aliyekwenda kumbembeleza daktari. Daktari akasogeza zamu kutoka saa nne hadi saa nane mchana. "Baada ya hapo sina nafasi mpaka wiki ijayo. Na kidonda kile hakina wiki."

Saa sita ikaja, ikapita. Saa saba nayo. Simu ya kaka haikupatikana.

"Labda ndege imesimama njiani kushusha watu," alisema Bi Uhakika, akijimiminia chai aliyomletea mgonjwa.

Binti akaenda kwenye meza ya nesi.

"Samahani dada, kutoka huko mpaka hapa ni mwendo gani?"

Nesi alikuwa na ndugu huko. Hakuinua macho kwenye mafaili. "Kilomita elfu sita na mia nne. Ndege inakula mia nane kwa saa. Piga hesabu."

Binti akapiga nyuma ya bahasha ya picha ya mguu, kwa hesabu za darasa la saba. Nane. Akarudia. Nane tena.

"Mbona mpwa wa jirani alitoka saa mbili akafika saa tano?"

"Saa mbili ya kwao. Saa zao zimetutangulia kwa saa tano; hapa ilikuwa saa tisa usiku. Huyo naye alikaa angani saa nane kama binadamu wengine. Kaka yako, kama ametoka saa tatu ya hapa, atatua saa kumi na moja jioni."

Binti alirudi wodini. Miaka miwili ameosha kidonda kile kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na leo mguu, uhai na kila kitu vinangoja vidole vitatu vya jirani. Akaeleza polepole, bahasha mkononi.

"Labda ya mpwa wangu ilikuwa na mbio zaidi," alisema Bi Uhakika.

"Bi, tafadhali."

Mama akavuta shuka. "Basi daktari angoje hiyo saa kumi na moja. Si amengoja mpaka sasa?"

"Hangoji, Mama. Zimebaki dakika ishirini, chumba apewe mwingine."

"Kaka yako ametoka mbali kote huko."

"Atakukuta umetoka salama. Mlangoni nitakaa mimi."

Mama aligeukia dirishani, akakodolea macho mbingu tupu. Kitanda cha magurudumu kikasimama mlangoni. Msukumaji akachungulia, akatazama saa yake.

Binti akafungua kidau cha wino, akaiweka fomu juu ya shuka.

"Weka kidole hapa, Mama."