Korongo wa Kidole Kilichopinda

Amedeus alipofungua bustani yake ya ndege, nje kidogo ya mtaa wa Viwanja Sitini, alitualika mimi na mke wangu Yosefina tushinde huko siku nzima kama wageni wake. Tulitoka kijijini kwetu Mbingu alfajiri, tukafika saa tatu. Alikuwa anatusubiri getini, amevaa kofia mpya.

"Wapogoro wamefika," aliwaambia watu waliokuwa nyuma yetu. "Hesabuni ndege sasa, na jioni mhesabu tena."

"Na kofia hiyo," nilimjibu, "umemvua maiti gani?"

Tulicheka, tukashikana mikono. Yeye ni Mngoni, mimi Mpogoro. Sisi ni watani, na kwa miaka thelathini sikumbuki siku tuliyosalimiana kama watu wengine. Baba yangu alipofariki, Amedeus ndiye aliyelala mlangoni, akazuia jeneza lisitoke mpaka tumpe jogoo. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Mtani huchukua, na hakasirikiwi. Ndivyo tulivyolelewa.

Bustani ilikuwa nzuri, lazima niseme. Vizimba vilikuwa vimefagiliwa na maji yalikuwa safi. Kulikuwa na kasuku, kanga, hondohondo, na tausi ambaye Yosefina alisema anafanana na shemeji yake siku ya harusi. Tulitembea polepole. Kila kizimba kilikuwa na kibao chenye maelezo, nami nilisoma vyote.

Kwa miaka saba nimekuwa nikiandika daftarini habari za ndege wa bondeni: siku, saa, upepo, walichokula. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa sababu ya korongo taji wawili, dume na jike, waliojenga kiota kwenye matete mwisho wa shamba langu la mpunga. Mwaka jana Amedeus aliazima kwangu daftari la kwanza, akasema anataka kujifunza kabla ya kununua ndege kwa wafugaji. Kiota chenyewe nilimwonyesha yeye peke yake, baada ya kuniahidi kwamba atakitazama kwa macho tu. Masika haya korongo wangu walionekana siku kumi na moja, kisha wakapotea. Niliandika kwamba wamehama, labda maji yamezidi.

Kizimba cha mwisho kilikuwa cha korongo taji, watatu. Kibao chake kilisema: "Ndege huyu hucheza hata asipokuwa na wa kumtazama, huenda ni furaha tu." Sentensi hiyo ilikuwa yangu. Nilimwita Yosefina aisome. Nilifurahi, siwezi kukataa.

Ndipo nikatazama miguu yao. Mmoja alikuwa na kidole cha kati kilichopinda kuelekea ndani, mguu wa kushoto, kama yule dume wangu.

Nilijiambia kwamba kidole peke yake si ushahidi. Ndege wengi huumia. Lakini lipo jambo jingine. Kila asubuhi kabla ya kuingia shambani hugonga jembe kwa jiwe mara tatu ili nisiwashtue. Baadaye yule dume alijifunza kwamba jembe hufukua minyoo, akawa anakuja mwenyewe. Basi niliokota jiwe, nikagonga nguzo ya chuma mara tatu. Wawili walikimbilia pembeni. Yule wa kidole kilichopinda aliinua shingo, akaja moja kwa moja hadi kwenye wavu, akasimama mbele yangu kusubiri. Bawa lake moja lilikuwa limekatwa manyoya.

Yosefina aliketi kwenye nyasi.

Amedeus alikuja na soda mbili. Nilimuuliza kwa utaratibu ndege yule alitoka wapi. Alianza habari ya mfugaji wa Morogoro, kisha akanitazama, akaiacha njiani. Nilimuuliza mwenzake yuko wapi.

"Alikufa ndani ya gunia," alisema. "Pikipiki ilikwama kwenye tope, jua likawa kali. Sikutaka iwe hivyo."

"Ulikwenda lini?"

"Jumapili."

Daftari langu halina hata mstari mmoja wa Jumapili asubuhi. Saa hizo huwa kanisani, na msomaji makini angeliona hilo.

Nilimwomba anipe yule aliyebaki, nimtunze shambani mpaka manyoya yaote. Alisema haiwezekani. Wageni wanakuja kwa ajili yake, kwa kuwa ndiye pekee asiyeogopa watu. Halafu akatabasamu lile tabasamu lake la msibani.

"Mtani, tangu lini cha mtani kikichukuliwa kikawa na kesi? Yule jogoo ulinidai?"

Nililifikiria swali lake, maana sipendi kumhukumu mtu haraka. Lakini jogoo tulimpa sisi wenyewe, mchana, mbele ya ukoo mzima. Utani huchukua mwenye mali akiona. Nilimwambia hivyo, kisha nikaomba daftari langu. Alilileta. Soda tuliziacha pale pale kwenye nyasi.

Getini alijaribu tena. Alimwambia Yosefina afungue mkoba ukaguliwe, kwa sababu Mpogoro hatoki mahali mikono mitupu. Wageni walicheka, wakanigeukia wasikie jibu langu.

Nilimpa mkono. "Asante kwa kutukaribisha, Bwana Amedeus. Wasalimie nyumbani."

Hakuuachia mkono wangu. Alisogea karibu, akashusha sauti wageni wasisikie.

"Nitukane basi, Severini. Nitukane kwanza ndipo uende."

Nilimtakia jioni njema. Yosefina naye alimtakia, kwa heshima, kama tunavyomtakia mtu tuliyekutana naye njiani.